Safi, Fifi na Chura wa Mpera

Wakulima wa Ngulyati wenye umri wa kutosha wanalijua jicho la Minza, binti wa Magese. Enzi hizo chama cha msingi cha ushirika kilikuwa na ghala moja la bati, mbele ya ghala turubai, na juu ya turubai kigoda cha Minza. Pamba ililetwa kwa magunia, kwa shuka zilizofungwa mafundo, kwa mikokoteni ya ng'ombe. Minza hakuuliza ni ya nani. Alizamisha mkono mpaka kwapani, akachomoa konzi kutoka tumboni mwa gunia, maana juu ya gunia kila mtu ni mwaminifu. Ile konzi aliiweka kiganjani karibu na kipande chake cha pamba ya mfano, akatazama, kisha akatamka neno moja kati ya mawili: safi, au fifi. Safi ilikwenda mzani wa kulia. Fifi, ile yenye doa na umanjano na vijani vikavu, ilikwenda mzani wa kushoto. Hakuna aliyebishana naye akashinda.

Siku moja alikuja baba mkwe wake mwenyewe na mkokoteni umejaa. Watu wakasogea kutazama, maana mkwe hatazamwi usoni wala hajibizwi. Minza alizamisha mkono, akatoa, akalinganisha. Akainamisha kichwa kwa adabu zote alizofundishwa kwao, akaiambia ardhi: "Fifi."

Mzee alikohoa, akaupeleka mkokoteni kushoto. Kisa hicho kilisimuliwa mpaka Malampaka.

Sasa ghala lile lina wengine, na Minza ni mjane mwenye mvi zilizomkaa vizuri. Anaishi Bariadi, pembezoni mwa mji, kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe Boniventura, tofali kwa tofali, kwa pamba ya miaka mingi. Nyuma ya nyumba ana bustani iliyozungushiwa ua wa minyaa. Humo mna mchicha, chainizi, matembele, mipapai na mpera mmoja uliolala upande, tawi lake likining'inia juu ya tangi la saruji linalokinga maji ya mvua. Watu wakipita husimama kuisifu bustani ile, naye husubiri wamalize ndipo aitikie salamu.

Chumba cha uani amempangisha Hemed, mpima ardhi wa halmashauri, Mzigua wa Handeni. Kati ya Mzigua na Msukuma pana utani wa tangu mababu walipokuwa wakienda pwani kwa miguu, na utani huo una ruhusa zake: mtani hutukana asishtakiwe, hudai kisicho chake, na siku ya msiba huja kuchekesha waliofiwa. Siku ya kwanza Hemed alipotua mizigo uani alisema, "Haya mtani, nimekuja kuchukua nyumba yangu."

"Ipo," alijibu Minza. "Ila Mzigua hatumpi ardhi ya kusimama. Tunampa ya kulalia, futi sita kwenda chini."

Tangu hapo wakapatana kama kidole na pete. Hemed akichelewa kurudi, chakula chake kilifunikwa. Minza akihitaji gunia la mbolea, Hemed alilibeba huku akilalamika kuwa Wasukuma wanamrudisha utumwani.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Minza hakumwambia mtu, si mtani, si jirani, si binti yake Matilda aliyeko Mwanza. Tangu msimu wa pamba wa mwaka jana jicho lake la kushoto lilikuwa limeingia ukungu. Lilianza kama moshi wa jiko la kuni, akadhani litapita. Halikupita. Basi akajifunza njia zake. Sindano aliitunga kwa ncha ya ulimi. Mchicha aliuchagua kwa vidole. Kwenye kiti alikaa upande ambao watu watakuwa kuliani kwake. Aliyekuwa jicho la Ngulyati nzima angeanzaje kusema jicho lenyewe limekufa?

Ilikuwa mwanzo wa vuli, mvua imenyesha mara moja ikaondoka kama mgeni asiyependa chakula, na joto limerudi kwa hasira. Mchana, jua likiwa utosini, kuku wamelala chini ya ua mabawa wazi, Minza alishika ndoo akaenda tangini. Akainua macho kwenye tawi la mpera.

Juu ya tawi, mahali pasipo na jani hata moja la kumkinga, alikaa chura.

Minza alisimama. Vyura wote aliowajua maishani walikuwa watu wa matope na giza, wa kujificha chini ya mtungi. Huyu alikaa juani kweupe, miguu ameikunja chini ya tumbo kama bibi kanisani, macho nusu yamefumba, wala hakuwa na haraka ya kwenda popote. Na alikuwa mweupe. Si mweupe wa kijivu, si wa maziwa yaliyotiwa maji. Mweupe kama pamba ya mchumo wa kwanza, ile inayochumwa kabla mvua haijaigusa.

Akaziba jicho la kushoto kwa kiganja, akatazama kwa la kulia. Mdomo ukatangulia akili.

"Safi," alisema.

Akacheka peke yake. Alichota maji taratibu kutoka upande wa pili wa tangi ili asimsumbue mgeni, na siku nzima akawa na furaha ya mtu aliyepata habari ya kutangaza.

Jioni Hemed aliporudi, buti bado zina vumbi la mashamba ya watu, Minza alimpokea mlangoni.

"Mtani, usivue viatu. Njoo uone kitu ambacho Handeni hakipo."

"Handeni kila kitu kipo, isipokuwa Msukuma anayetembea haraka."

Wakafika tangini. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya nyumba, kivuli kimeifunika bustani. Chura alikuwa palepale, mkao uleule, miguu imekunjwa vilevile. Lakini rangi yake ilikuwa ya gamba la mpera: kahawia iliyochanganyika na kijivu, na mabaka kama ya uchafu. Ukitazama bila kujua, ungedhani ni kifundo cha mti.

"Yuko wapi huyo mweupe?" Hemed aliuliza.

Minza alikaza macho. Akasogea. Akaziba jicho la kushoto kama anafuta jasho.

"Mchana alikuwa mweupe," alisema. "Kama pamba safi."

"Huyu?"

"Huyuhuyu."

Hemed akaangua kicheko mpaka kuku wakashtuka. "Mtani! Kama huyu ndiye safi, basi pamba yote mliyowauzia wazungu ilikuwa matope! Sasa nimejua kwa nini hawajarudi."

"Toka kwenye bustani yangu."

"Natoka. Kesho uniite nione ng'ombe wa kijani."

Minza alimfukuza kwa fagio la chelewa, nao wakacheka wote wawili. Lakini kicheko cha Minza kilikatika kabla ya cha mwenzake.

Hemed alipoingia chumbani kwake akachukua simu. Matilda alikuwa amempa namba ili amjulie hali ya mama yake, na Hemed alizoea kumtumia ujumbe wa sauti wenye masihara. Jioni ile alisema hivi: "Dada Matilda, shikamoo ya bure. Mama yako ameanza kuona vyura weupe. Mimi nimeletwa kushuhudia, nimeonyeshwa kidudu cha rangi ya tope. Macho yamekwisha, akili inafuata. Njoo umchukue umpeleke Mwanza, mimi nibaki na nyumba yangu. Tangu zamani nilisema ni yangu."

Ulikuwa utani mtupu, wa kudai urithi kama watani wanavyodai. Lakini utani una nyumba yake, na ukitoka humo ukapanda gari kwenda mji mwingine, huko unafika umeshavua nguo za utani na kuvaa za ushahidi.

Matilda aliusikiliza Mwanza jikoni kwake, akausikiliza tena, wala hakucheka. Safari ya mwisho alipokuja Bariadi mama yake alimpa chai iliyotiwa chumvi mahali pa sukari. Walicheka siku ile. Lakini njia nzima mpaka Lamadi Matilda alikuwa na ile ladha mdomoni. Alikuwa akitamani sababu ya kumhamisha mama, akaogopa kuitafuta. Sasa sababu ikamjia yenyewe kwa sauti ya mpangaji.

Akapiga simu asubuhi yake.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama yake kwa Kisukuma.

"Mwangaluka mhola, mwanangu. Watoto?"

"Wazima. Mama, Jumamosi nakuja. Utapanga nguo zako."

"Nguo zangu zimepangwa kabatini."

"Za safari, mama. Utakuja kukaa kwangu. Nyumba tutampangisha Hemed yote, au mtu mwingine. Usibishe. Kuna siku utachanganya kitu kikubwa kuliko chumvi."

"Nani kakwambia nachanganya?"

"Mama, kuna chura mweupe?"

Minza alishusha simu taratibu akaiweka juu ya meza, kama mtu anayeweka yai.

Alikaa mlangoni akitazama bustani yake. Angeweza kumkasirikia Hemed, na kidogo alimkasirikia. Ila hilo halikuwa donda. Donda lilikuwa hili: je, ikiwa Hemed kasema kweli bila kujua? Jicho moja limeshakwenda. Ikiwa na la pili limeanza kumdanganya, likimwambia safi penye tope, basi hana haki ya kubishana na mtu. Mtu asiyeweza kuliamini jicho lake hana nyumba ya kuilinda, maana hata moto ataudhania jua.

"Haya," alisema mwishoni. "Tupime."

Aliingia chumbani, akainama chini ya kitanda, akatoa kopo la zamani la majani ya chai. Ndani yake, ndani ya kitambaa, mlikuwa na kile kipande cha pamba ya mfano. Siku alipostaafu wenzake walitaka kumpa beseni na kanga. Alipokea kanga, akaomba na kipande chake. Kwa miaka yote ile hakikuwa kimetoka koponi isipokuwa kwa kutazamwa tu.

Jua lilipofika utosini alikwenda tangini. Chura alikuwepo, na alikuwa mweupe. Minza hakushangilia. Alinyoosha mkono polepole akaiweka pamba kwenye tawi, kando ya chura, akarudi nyuma hatua kadhaa. Aliziba jicho bovu. Akatazama kwa namna aliyotazama kwenye turubai, bila kutaka jibu lolote. Pamba nyeupe. Chura mweupe. Hakuona tofauti.

Akatandika mkeka chini ya mpapai, akajiletea matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga kwenye bakuli, akakaa. Majirani wawili walipita nje ya ua, wakasalimu, akaitikia bila kugeuka. Jua lilisogea. Kivuli cha nyumba kikatambaa juu ya matembele, kikapanda tangi, kikafika kwenye tawi. Na chura akaanza kuchafuka. Si ghafla. Kwanza kama nguo nyeupe iliyofuliwa na maji ya lambo. Kisha majivu. Kisha gamba la mti, na mabaka yakajitokeza mgongoni kama maandishi ya mkaa. Kando yake pamba ilibaki vilevile ilivyokuwa mchana.

Minza akasimama na mkono kiunoni. Kama jicho ndilo lingekuwa limegeuka, vitu vyote viwili vingegeuka pamoja. Pamba haikugeuka. Basi aliyegeuka ni chura.

"Mshenzi mkubwa wewe," alimwambia kwa upole. "Mchana unajipaka chokaa jua lisikuchome, jioni unavaa gunia usionekane. Na mimi unaniitia watoto kutoka Mwanza."

Moyo ulikuwa mwepesi. Alipokuwa akiichukua pamba yake, mkono ukamtuma kufanya jambo ambalo hakulipanga. Aliziba jicho la kulia, jicho zima, akatazama kwa lile la kushoto peke yake. Chura, pamba, tawi na tangi vikawa moshi mmoja.

Akaondoa kiganja haraka, akaifunga pamba kwenye kitambaa. Hilo si la leo, alijiambia. Leo tumeshinda.

Jumamosi Matilda alifika asubuhi na basi la Lamadi. Mkono mmoja alishika sato wawili waliofungwa kwenye mfuko, mkono wa pili begi kubwa la magurudumu. Minza alilipokea begi mlangoni, likainuka kama karatasi. Lilikuwa tupu. Mtu haleti begi tupu kwa mama yake ila kwa shabaha moja.

"Wabeja kwa samaki," alishukuru Minza, akalisimamisha begi nje, ukutani.

Hemed alitoka chumbani kwake, kofia mkononi, uso umemshuka. Matilda alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba anakuja, na kwa nini.

"Dada Matilda, ule ulikuwa utani. Mimi na mama ni watani. Hata leo nikimwambia amekufa, usikate tiketi."

"Utani utaniane na mama. Mimi ulinitumia wa nini?"

"Nilidhani utani unarithiwa."

"Nyamazeni wote," alisema Minza. "Mmekuja kumwona chura au kunizika? Twendeni."

Alfajiri ilikuwa imenyesha manyunyu, na mawingu yalikuwa bado yamekaa juu ya mji kama blanketi. Waliingia bustanini wakikanyaga tope. Tawini chura alikuwepo. Alikuwa kahawia, tena ya kukoza. Na chini yake, kwenye ncha ya tawi, lilining'inia povu jeupe la ukubwa wa ngumi mbili, likitazama maji.

"Nani kamwaga sabuni juu ya tangi?" Matilda aliuliza akitafuta fagio kwa macho.

"Usiguse. Jana halikuwepo. Sabuni haipandi mti, na huyu hakukaa juu yake bure. Nadhani mna mayai humo."

"Mama." Matilda alishusha sauti, ile sauti ya kuongea na mgonjwa, na Minza aliichukia kuliko maneno yenyewe. "Chura namwona. Lakini ni wa kahawia."

"Ni wa kahawia," Minza alikubali. "Na mimi namwona wa kahawia. Kaeni."

"Tukae?"

"Ulipokuwa mdogo ulikaa ghalani siku nzima ukisubiri nifunge kazi. Leo subiri jua."

Akatandika mkeka. Hemed akageuza ndoo akaikalia. Minza akafungua kopo, akaiweka pamba kando ya chura, akarudi akaketi binti yake akiwa kuliani kwake. Walikaa. Matilda alivua viatu. Baadaye kidogo akaanza kung'oa magugu yaliyokuwa karibu na mkeka, kwa kuwa mkono wa mtoto wa mkulima haukai bure.

"Hii chainizi umeipanda lini?" aliuliza.

"Siku ile uliyonywa chai ya chumvi."

Matilda akatabasamu bila kupenda. "Ilikuwa mbaya, mama."

"Ulimaliza kikombe."

"Ningefanyaje? Ulikuwa unanitazama."

Mawingu yalianza kupasuka upande wa Ngulyati. Mwanga ukaingia bustanini kwa vipande, ukagusa mipapai, ukaondoka, ukarudi. Kisha jua likatoka lote, na joto la tope likaanza kupanda. Hemed ndiye aliyeona kwanza. Aliinuka kwenye ndoo.

"Subirini," alisema. "Subirini kwanza."

Mgongo wa chura ulikuwa umeanza kufifia. Mabaka yalizama taratibu kama watu wanaoingia majini. Kahawia ikawa majivu, majivu yakawa maziwa. Hata Hemed hakutania, na hilo peke yake lilikuwa ajabu ya pili. Jua liliposimama sawasawa juu ya bustani, chura aliyekaa tawini alikuwa mweupe pe, macho nusu yamefumba, kana kwamba yote haya hayamhusu.

Matilda alisimama akasogea mpaka tangini. Alimtazama chura, akaitazama pamba, akamtazama chura tena.

"Mweupe," alisema. "Mama, tena huyu kaipita hata pamba yenyewe."

Minza aliyasikia maneno hayo akayaona ni ya mtoto anayeomba radhi kwa kuzidisha, akayaacha yapite.

"Bibi yake alikuwa kinyonga," alisema Hemed, sauti imemrudi. "Aliolewa Usukumani, wakamchosha, akakimbilia majini."

Matilda alicheka, kisha akafuta uso kwa kiganja. Akaja akapiga magoti mbele ya mkeka kama alivyofundishwa kumsalimia mzazi.

"Nimekosea, mayu. Nilikusikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Macho yako ni mazima kuliko yangu. Begi litarudi tupu."

Basi Minza akawa ameshinda. Nyumba yake, ua wake wa minyaa, tangi lake, vyote vilikuwa vyake tena, mbele ya shahidi. Alichotakiwa kufanya ni kusema wabeja, akaende kuwakaanga wale sato.

Lakini alibaki ameketi, mikono mapajani. Mbele ya macho yake aliliona gunia. Aliyaona yote yale aliyoyapinga ujana wake mzima: pamba nzuri imewekwa juu, inang'aa, na yule mkulima amesimama kando akitabasamu, akiomba kimya kimya mkono usizame. Hakumwonea huruma baba mkwe wake. Ajionee nafsi yake?

"Matilda," alisema. "Umepima juu tu."

"Vipi, mama?"

"Gunia hujazamisha mkono. Kuhusu chura nimesema kweli. Jicho la kulia ni safi." Akavuta pumzi. "La kushoto ni fifi. Limefunga ukungu. Nikilitumia lenyewe sikuoni wewe, naona kanga yako tu, na kanga yenyewe sijui ni rangi gani."

Kuku mmoja alikuwa akichakura kwenye matembele, na hakuna aliyemfukuza.

"Tangu lini?"

"Tangu pamba ya mwaka jana."

"Na hukusema!"

"Ningesema, ungeleta begi."

Matilda akasema polepole, "Ni kweli. Ningeleta."

Hemed alikuwa ametazama chini. "Mama," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo bila neno la mtani, "mimi nilicheka macho yako sikujua."

"Mtani haombi radhi, analipa faini," alijibu Minza. "Utamwagilia bustani hii mpaka nitakaporudi, utalinda lile povu lisiguswe na mtu, na siku ya kurudi kwangu nikute jogoo sufuriani. Na asiwe mgonjwa."

"Kurudi kutoka wapi?" Matilda aliuliza.

"Mwanza. Si mna hospitali kule za mtoto wa jicho? Nitakuja kutibiwa. Siji kuhamia, sikia vizuri. Lile begi lako utalijaza nusu. Ukilijaza lote, nashukia Lamadi nageuza."

Matilda alijaza nusu. Minza mwenyewe alizamisha mkono begini kuhakikisha.

Mwanza walimpasua lile jicho, wakalifunika, na walipolifunua kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa mvi za Matilda, nyingi kuliko alivyodhani. Akazishika kwa vidole akasema, "Nawe umeanza," na Matilda akasema, "Zilianza zamani, mama, upande wa kulia, nawe ulikuwa hukai upande huo." Njiani kurudi, basi lilipokaribia ziwa, alikaa dirishani akashindwa kuzungumza na jirani yake. Maji yalikuwa ya buluu ambayo alikuwa ameisahau. Akaziba jicho jipya, akatazama kwa la kulia peke yake, na ile buluu ikaingia umanjano. Alikuwa ameishi miaka ndani ya kikombe cha chai ya rangi, bila kujua.

Bariadi alikuta mvua zimeshika, chainizi imefika magotini, jogoo sufuriani, na Hemed amevaa shati lililopigwa pasi. Povu lilikuwa limekauka na kudondoka. Majini, tangi zima lilikuwa linachezacheza viluwiluwi.

"Nimelea watoto wa watu," alisema Hemed. "Mtani, hata usiku mvua ikinyesha nilikuwa nawaza kama wamelala."

Mchana jua lilipochomoza kati ya mvua mbili, Minza alikwenda na kopo lake. Chura alikuwepo tawini, miguu imekunjwa, mweupe. Akamtazama kwa macho yote mawili, bila kuziba kitu. Kisha akafungua kitambaa, akaiweka pamba kando yake.

Alimtazama chura, akaitazama pamba, akarudia tena.

Hemed, aliyekuwa anavuna mchicha, aliinua kichwa. "Vipi, mtani? Toa hukumu."

Minza angeweza kuikunja ile pamba akairudisha haraka, na Mzigua asingejua maisha yake yote. Alikumbuka maneno ya Matilda siku ile, aliyoyaona ya kubembeleza.

"Fifi," alisema.

"Chura?"

"Pamba."

Hemed alikuja akatazama. Ilikuwa imeingia umanjano, rangi ya jino la mzee, na ilikuwa hivyo kwa miaka. Alivuta pumzi ya kusema jambo, jambo kubwa la utani ambalo lingesimuliwa mpaka Handeni, na Minza akamwinulia kidole.

"Funga mdomo, Mzigua. Ghalani ilikuwa safi. Imezeeka tu, kama mwenyewe."

"Sasa uitupe, tukaombe nyingine Ngulyati wakianza kuvuna."

"Nyingine tutaomba." Minza aliinua ile ya zamani kutoka kwenye tawi taratibu, chura asishtuke, akaifunga kwenye kitambaa chake na kuirudisha koponi. "Lakini hii haitupwi. Fifi nayo ina mzani wake."